Debe la Wazee wa Ronge

Mjukuu wangu Wakesho,

Huku Voi tu wazima, joto tu ndilo linatusumbua. Umeniuliza kama ni kukosa adabu kupinga kortini kanuni ya serikali ya kukadiria matunzo ya mtoto, sasa kwa vile umeachana na mumeo.

Wazazi wangu walipoachana kule Ronge, wazee waliamua baba atoe debe moja la mahindi kwa kila mtoto kila msimu, mdogo kwa mkubwa. Mama hakubishana nao. Mahindi yalipoisha kabla ya msimu kwisha, alitutuma sote tukale kwa mwenyekiti wa wazee. Haikupita wiki, mkewe akamwambia, "Mliopima ni nyinyi, mbona chakula kinaisha kwangu?" Wazee wakaketi upya, wakapima tena.

Nenda tu, mama. Na huyo mtoto umbebe, wamwone wanayempimia.

Nyanya yako