Ng'ombe Waliokusanywa Zizi Moja

Dodoma, mwezi wa Shaabani, 1329

Kwa ndugu yangu mpenzi Hassani, Kondoa.

Amani ya Mungu iwe nyumbani kwako. Naomba barua hii ikukute mzima, na shemeji Batuli awe amepata nafuu ya kifua. Nami sijambo kwa kadiri ya umri wangu. Macho bado yanasoma, ila magoti yamenikana. Mvua ilikuwa haba na uwele umetoa masuke matupu. Nilitoka Kondoa ndevu hazijaniota, lakini kila kiangazi bado nayatamani maji ya chemchemi yenu.

Umeniuliza, kwa kinywa cha wachukuzi wa chumvi, kama uwaondoe ng'ombe wako waliobaki kwa watunzaji uwalete huku, ili mwanao Bashiri apanue biashara yake ya nyama. Nakujibu kabla ya mengine: usiwalete. Sababu zake zitakuuma.

Unajua kwamba desturi yetu Warangi na ya Wagogo katika hili ni moja: mwenye ng'ombe hawalazi wote zizi moja. Huwagawa kwa marafiki. Mtunzaji hunywa maziwa, na baada ya muda hupewa ndama. Ukame ukipiga huku, kule husalia mbegu. Wale uliompa Bashiri alipokuja kwangu, wengi niliwaweka kwa Matonya, mzee wa Hombolo, yule aliyemwoza Bashiri binti yake Mwanahawa, mkwe wako usiyewahi kumwona.

Reli ya Wadachi ilipokaribia, kambi ya wajenzi ilijaa watu wanaokula nyama kila siku. Nilimshauri Bashiri tuuze madume tu, majike yabaki kwa watunzaji, na ngozi tuzikaushe na kuzitunza katika banda karibu na stesheni. Hema huhama, nilimwambia, stesheni hubaki, na gari moshi litapeleka ngozi pwani hata sisi tukiwa kaburini. Alicheka sana. Akasema, "Baba mkubwa, wewe unawapangia biashara watu ambao hawajazaliwa!" Nami, wallahi, sikuona kosa katika hilo.

Akazunguka kwa watunzaji akawachukua wote, hata mitamba. Matonya, kwa utani tuliouzoea, alimuuliza kama Warangi siku hizi wanakula na mbegu. Bashiri alimjibu kwamba mwenye mali haulizwi. Hapo utani ukaisha. Kumwondolea rafiki ng'ombe bila kumwachia hata mmoja ni kumwambia kwamba urafiki umekufa, na kumfanyia hivyo mkwe ni aibu zaidi. Mzee alimwambia tu kwamba awaswage taratibu, wasiumie njiani.

Kiangazi kimoja biashara ilinawiri. Watu walimwita tajiri, naye akaitika. Kisha kambi iling'oa mahema kwenda magharibi, na huko mbele walikuwapo wachinjaji wengine. Bashiri akabaki na kundi zima katika zizi moja pale Kikuyu, kando ya mji wetu, malisho yameliwa hadi mizizi. Akarudi kwa watunzaji kuwaomba wawapokee tena. Kila boma alilofika alipewa kigoda, akaulizwa habari za nyumbani, akasindikizwa hadi njiani. Hakuna aliyepokea hata ndama. Mvua zilipoanza, kupe walikuja na homa ya ndigana. Tulifukia mizoga mpaka mikono ikatushinda, mingine tukawaachia fisi.

Sasa nifike kwenye neno ambalo nimekuwa nikilikwepa. Bashiri hayupo Dodoma. Duka la nyama uliloambiwa halipo. Tangu mvua ziishe amefuata reli kule magharibi, anabeba mataruma ya chuma ya kulazia reli kwa ujira wa kibarua. Alinisihi nisikuambie, alisema afadhali baba yake amdhanie bahili asiyetuma kitu nyumbani kuliko amjue maskini. Nilinyamaza kwa kumhurumia. Lakini uliposema utaleta ng'ombe waliobaki, niliona ukimya wangu ungewaua na hao.

Na mwanamke aliyekukabidhi barua hii, aliyekuja na wachukuzi, ndiye Mwanahawa. Ni mjamzito. Baba yake alikuja kumchukua, wala hakuja kwa ukali. Binti alikataa. Alisema yeye si ng'ombe wa kuondolewa hapa na kurudishwa pale. Ameolewa, na mwanawe atazaliwa kwa babu yake wa kuumeni. Ghala langu halina cha kumlisha.

Mkaribishe aketi. Usimuulize habari za mumewe leo, wala usimtazame tumboni kana kwamba unahesabu hasara. Hasira utakuwa nayo, najua, sisi sote tumezaliwa nayo. Ielekeze huku kwangu, mimi niko mbali na nimezoea.

Nisalimie Batuli, na wote wanaonikumbuka bado.

Ni mimi kaka yako,
Abbasi