Sinia la Kuzunguka kwa Mama Mkwe

Jumapili alasiri, Bunia. Jua kali, vumbi mpaka kwenye meno, na mvua haijaonyesha hata wingu. Nimetoka kanisani, nimekula, na sasa nimeketi nyuma ya nyumba na simu mkononi kwa sababu ndani siwezi kuketi. Nimechoka. Uchovu wa kazi ya mbao naujua, ukilala unaondoka. Huu ni mwingine.

Niliahidi kuandika hapa namna ya kutengeneza sinia linalozunguka. Baadhi yenu mliuliza tangu niliposema kwamba Mama Kavira, mwenye mgahawa huku mtaani, ameniagiza mawili. Nitaandika. Lakini haitakuwa kama nilivyofikiri wiki iliyopita.

Kitu chenyewe ni hiki: duara la mbao linalokaa katikati ya meza, juu ya kitako kidogo. Vyungu vinawekwa juu yake. Anayetaka mboga hainuki, wala haombi. Anavuta sinia kwa kidole, mboga inamjia.

Haombi. Hapo ndipo niliposhikwa.

Mama mzaa mke wangu anaishi nasi tangu kijiji chao, upande wa Bule, kilipochomwa. Alianguka akikimbia, bega la kuume likavunjika, likajiunga vibaya. Mkono ule hauinuki tena kupita kiuno. Kwao alikuwa mtu wa shamba na soko, mtu wa kulisha wengine. Kwangu anakula kilicho mbele yake tu. Mbele yake pakiwa na bugali peke yake, atakula bugali kavu na kusema ameshiba.

Na kati yangu na yeye kuna heshima. Katika ukoo wao, mkwe na mama wa mkewe hawapeani chakula mkono kwa mkono. Zamani haikuwa shida. Nilikwenda kuwasalimia, nikarudi kwangu, kila mtu na nyumba yake. Vita ndiyo iliyotuweka kwenye meza moja, viti vimegusana. Kwa hiyo kila kitu kinapita kwa Mave, mke wangu. Anampakulia mama yake, ananipakulia mimi, anapakulia watoto, na mwisho anakula chakula kilichopoa. Sijamsikia akilalamika. Nimemwona tu akikonda.

Sasa, mwezi uliopita, Mama alianza kusema anataka kurudi kwao kabla ya mvua. Wanasema kumetulia. Kutulia kwa Ituri mnakujua: unasikia kimya, halafu unajiuliza kimya hiki ni cha nini. Wako waliorudi wakalima wakavuna. Wako waliorudi, na siye tukaletewa habari zao. Mave akawa analia jikoni akidhani simsikii.

Nikajiambia: huyu mama anaondoka kwa sababu anajiona mgeni kwenye meza yangu. Na seremala akiona shida, anatafuta mbao.

Basi. Kizungushio.

Sinia la kwanza la Mama Kavira nililijaribu kwa rulema, yaani beringi, ya gurudumu la pikipiki, maana hizo ziko kila gereji. Nilichimba shimo kwenye kitako, nikaigonga ndani, nikapitisha bolti katikati. Lilizunguka vizuri mno. Lakini rulema ni nyembamba kama kikombe, na sinia ni pana kama gurudumu zima. Ukiweka chungu cha maharagi pembeni, sinia linainama upande ule. Mimi nilipima kwa tofali. Tofali lilianguka kwenye mguu wangu, na huo ukawa mwisho wa rulema.

Jirani yangu mmoja hupanda Ariwara kuchukua bidhaa. Nikamwomba aniletee vizungushio vyenyewe: sahani mbili za chuma, moja juu ya nyingine, na gololi zimefungwa kati ya hizo mbili. Akaleta vya aina mbili. Kimoja kidogo, cha mraba, sawa na kiganja. Kingine cha duara, kipana kama sahani ya kulia. Macho yalipenda kile kidogo, chuma chake ni kinene, kizito. Lakini nilipokibonyeza pembeni kilicheza. Kile kipana hakikucheza. Gololi zikikaa mbali na katikati, sinia linabaki limetulia hata mzigo ukiwa upande mmoja. Kwa hiyo chukua kile kikubwa kuliko vyote kinachoweza kujificha chini ya sinia lako. Kisha kizungushe karibu na sikio. Kikikwaruza, kirudishe.

Kukifunga ndiko kulikonitesa. Sahani ya chini inaingia kwenye kitako, hiyo rahisi. Ya juu je? Ukishalaza sinia juu yake, tundu za visi, yaani skrubu, zimefunikwa, na turnevisi ya kuzikazia haina pa kupita. Nilikitazama kitu kile mpaka chai ikapoa. Dawa yake ni kutoboa tundu moja kwenye kitako, pale tundu za sahani ya juu zinapopita, pana kiasi cha kupitisha turnevisi, kabla hujafunga chochote. Funga sahani ya chini. Laza sinia kifudifudi juu ya blanketi, weka kitako juu yake, pima mpaka kingo zilingane pande zote. Halafu zungusha kitako polepole: kila tundu la sahani ya juu likifika mbele ya tundu lako, ingiza visi. Usikaze mpaka mwisho. Zikiingia zote, zungusha, angalia kama linayumba, ndipo ukaze.

Na visi ziwe fupi kuliko unene wa mbao. Moja yangu ilitokeza juu kama mwiba, katikati ya ubao wa libuyu, mbao nyekundu ya thamani, niliokuwa nimeusugua kwa msasa mpaka ukang'aa. Ubao ule sasa ni kifuniko cha pipa la maji.

La nyumbani nilitengeneza la mwisho, baada ya yale ya Mama Kavira, na hilo sikuliharakisha. Chini ya kitako niligundisha vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, lisiteleze mezani. Kwenye gololi niliweka grisi nzito, maana yale ya kwanza watoto waliyazungusha mpaka kikombe kikaruka. Lakini grisi ikawa nyingi, na mkono wa kushoto wa Mama hauna nguvu. Nikapangusa, nikajaribu kwa kidole kidogo cha kushoto, nikapangusa tena. Pembeni nikachonga mfereji, kidole kipate pa kushika.

Leo Mave alipika bugali, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa ziwani. Akaviweka juu ya sinia, akawaambia watoto wasiguse kwanza. Tukasali.

Mama aliliangalia sinia. Akaweka kidole kwenye mfereji, akavuta. Sombe ikamjia. Akapakua kwa mkono wa kushoto, taratibu, sombe ya kutosha. Akavuta tena, samaki akaja, akachukua kipande. Nilidhani amemaliza. Lakini alizidi kulisukuma sinia, kidogo kidogo, mpaka yule samaki akasimama mbele yangu.

Hakuniangalia. Wala hakuna aliyempa mwenzake kitu mkono kwa mkono. Ila kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, mama mkwe wangu alinikaribisha chakula.

Mave aliinamisha kichwa na kula, na chakula chake kilikuwa bado cha moto. Mimi nilifurahi kama mtoto. Nakiri, nilianza hata kupanga maneno ya kuandika hapa.

Watoto walipotoka kwenda kucheza, Mama alinawa, akakausha mkono kwenye kitenge chake, akasema bila kuinua macho:

"Baba Yosia, kazi yako iko muzuri. Leo nimekula mupaka nimeshiba. Lakini nitaenda."

Nilishindwa kunyamaza. Nilimwuliza kwa heshima amekosa nini hapa kwangu, aniambie nikitafute.

"Hapa sikosi kitu," akasema. "Muzee tulimuzika mbio mbio, tukakimbia. Hatukuweka sanduku, hatukuweka musalaba. Wale tulikuwa nao siku ile, wote wamekufa. Sasa fasi ya kaburi yake iko naijua mimi peke yangu. Majani ikiota tena na miye nikikufa, hakuna mutu atajua iko wapi."

Mave aliacha kukusanya sahani. Miaka yote hii alijua baba yake alizikwa na majirani, kwa sanduku, kwa sala. Ndivyo mama yake alivyomwambia kwa simu wakati ule, na alipofika hapa hakubadilisha. Mave hakulia. Aliketi tena kwenye kiti, akamshika mama yake ule mkono usioinuka, akaushika tu. Mimi nikatoka.

Ndiyo maana niko huku nyuma ya nyumba.

Nafikiria wiki zote nilizokaa nikichagua gololi, nikipima kingo, nikidhani ninatibu jambo. Sikuwahi kumwuliza. Nilimwona mama mzee anayekula bugali kavu, nikaamua kwamba shida yake ni mboga. Sijuti sinia. Leo Mave amekula chakula cha moto, na hilo si dogo. Lakini shida ya Mama ilikuwa kwingine kabisa, na kwa shida hiyo sina kizungushio.

Nina mbao, lakini. Kimebaki kipande cha libuyu kirefu, kikavu, kisicho na fundo. Kinatosha msalaba. Jina nitalichonga ndani sana, lisifutwe na mvua.

Na hawezi kuubeba kwa mkono ule. Kwa hiyo nitakwenda naye. Nimeliandika, sasa siwezi kulirudisha. Sijapita barabara ile tangu kabla kijiji chao hakijachomwa, na sasa ina vizuizi, na vijiji vyake viko kimya. Kesho asubuhi nitauliza wenye pikipiki njia ya Bule inasemaje. Wakisema mbaya, nitauliza tena keshokutwa.

Nimesikia Mave akiniita ndani. Naogopa, na sijui kama nimwambie hivyo, au kama ameshaona.