Geti Hufungwa Saa Moja na Nusu

Kitengela,
Jumapili mchana.

Kwako Mama,

Magoti yako yanaendeleaje tangu mvua ianze huko Mwingi? Na wewe mwenyewe, unakula vizuri? Sisi huku afya tunayo, watoto wanakula na wanalala. Nimeuliza magoti kwanza kwa sababu nikianza na yaliyo moyoni nitasahau adabu. Na wewe Musyoka, kaka yangu, unayemsomea Mama barua hii, soma yote. Usiruke mahali unapotajwa.

Mama, ujumbe wako nimeupata. Kwamba Musyoka alirudi akakuambia nimeshindwa na watoto, kila asubuhi kwangu ni mbio na vilio, kwa hivyo nimlete Syombua kwako akae hadi atakapoanza darasa la kwanza. Nilikasirika, na hata sasa ninapoandika bado nina hasira. Musyoka alilala kwangu siku mbili. Siku zote mbili aliamka akakuta chai iko mezani, akanywa, akatazama, akapata habari ya kupeleka nyumbani. Hakumfungia mtoto hata kifungo kimoja.

Sasa sikiliza asubuhi yangu ilivyo. Baba watoto yuko Oltepesi kwenye machimbo ya mawe, tunamwona mwisho wa mwezi. Naamka saa kumi na moja. Nawasha jiko, nachemsha maji, nawaosha wawili, nawalisha, nawavisha. Nasari ya kanisa inafunguliwa saa moja kamili, si dakika moja kabla, maana mwalimu naye ana watoto wake. Geti la kiwanda cha nguo ninakofanya kazi hufungwa saa moja na nusu. Kutoka nasari hadi kiwandani ni dakika ishirini na tano ukikaza mguu. Nimebaki na dakika tano za kufanyia makosa, na mtoto wa miaka minne anaweza kuzimaliza kwa soksi moja.

Jirani yangu huwaita wanawe kwa sauti inayofika barabarani, nao wanaruka. Mimi siwezi, na unajua kwa nini, kwa sababu wewe ndiwe uliyenifunza. Kijana wangu ana jina la baba mkwe, jina ambalo mimi kama mke wa mwanawe silitamki kabisa. Namwita Baba. Syombua ana jina lako. Namwita Mwaitu, vile vile ninavyokuita wewe nikiwa nyumbani, na kama vile nisivyoweza kukupigia wewe kelele, yeye pia sijawahi. Asubuhi kwangu ni kubembeleza wazee wawili wafupi. Baba, tafadhali, kunywa uji. Mwaitu, nakuomba, leta mguu.

Naye ni wewe mtupu. Hakubali kufungiwa viatu. Anakaa chini, anaingiza ukanda wa kiatu kwenye bizimu, anautoa, anautazama, anauingiza tena. Ukimgusa anasema, "Ngoja." Nami nangoja.

Mara ya kwanza kuchelewa ilikuwa ng'ombe. Kundi zima lilikuwa linavuka njia yetu, na nyuma yake mzee wa Kimaasai ambaye hunisalimia kila siku, "Takwenya." Nilijibu "Iko" nikiwa nakimbia, bila kusimama, nikaona aibu siku nzima, na bado nilichelewa. Mara ya pili ilikuwa viatu. Supavaisa aliniingiza kwa mlango mdogo, akanisimamisha mbele ya laini nzima ya mashine, akaniuliza sababu. Nikasema ni mtoto.

"Huyo mtoto ni wako ama ni wa kampuni?" akasema. "Mara ya tatu, mama, utaenda nyumbani ukae na yeye."

Watu walicheka. Waliocheka zaidi ni wanaume, ambao huamka wakakuta watoto wameshaoshwa na mtu mwingine, wakavaa shati lililopigwa pasi na mtu mwingine, wakafika mapema na kusifiwa kuwa ni wafanyakazi wazuri. Baba watoto nilipomweleza aliniambia niwe naamka mapema. Mtu ambaye hajawahi kutafuta soksi ya pili katika maisha yake. Kuna mapema gani tena kabla ya saa kumi na moja?

Nilitishika, Mama. Nakuambia ukweli. Jumatano Syombua alikuwa bado amekaa chini na kile kiatu, ikawa karibu saa moja, na kitu kikakatika ndani yangu. Nikapiga kelele, "Syombua! Vaa viatu sasa hivi!" Nililitaja jina lako, kwa ukali, wapangaji wa plot nzima wakasikia. Mtoto hakulia. Alisimama na viatu vikiwa havijafungwa, akatembea hadi nasari bila kunishika mkono. Nami nilifika kiwandani geti likiwa bado wazi, supavaisa akaitikia kwa kichwa akasema sasa nimejifunza. Nilishona mikono ya mashati siku nzima na sikumtazama mtu.

Alhamisi nilipofunua blanketi nimwamshe, nilimkuta amevaa viatu. Alikuwa amelala navyo, cha kulia kiko kushoto na cha kushoto kulia, vimefungwa vyote. Nikamuuliza kwa nini.

"Ndio usiniite vile tena," akasema.

Nilikaa kitandani, Mama. Saa niliiona vizuri kabisa. Nikamvua vile viatu, nikamsugua miguu maana ukanda ulikuwa umemwacha alama, nikamwambia muda ukifika avae mwenyewe, na mimi nitangoja. Muda ulipofika alivaa kwa mtindo wake. Ukanda ndani, ukanda nje, ukanda ndani.

Baada ya kuwaacha nasari nilikimbia, usidhani sikukimbia. Nilikuta geti limefungwa. Bawabu ni Mkamba mwenzetu, alinitazama kwa huruma, lakini amri si yake. Nikiwa nimesimama hapo likaja gari la mkubwa mmoja, likapiga honi, geti likafunguliwa pande zote mbili, likapita, likafungwa tena. Yeye hakuulizwa sababu. Baadaye supavaisa alitokea kwenye mlango mdogo akaniambia nirudishe aproni.

Basi kazi imeisha. Usianze kulia, na Musyoka asianze kusema alijua. Kuna mama wa Kisomali sokoni anayeuza mapazia, ana mashine ambayo haina mtu, na amesema nianze kesho, nije watoto wakiwa nasari na niondoke wakitoka. Kazi ni ndogo kuliko ile, na sijui itanifikisha wapi. Lakini mtoto sitamleta, Mama. Usimtume Musyoka kumchukua, wala usitume mtu mwingine. Sijashindwa na watoto. Nimeshindwa na geti, na geti hilo lilijengwa na watu ambao hawajawahi kumvisha mtu viatu.

Nisalimie shangazi wa pale kisimani, umwambie kikapu alichonisukia kingali kizima. Nisalimie mjomba fundi wa baiskeli. Nisalimie sana mke wa Musyoka, ambaye najua ndiye anayemwamsha.

Kwa lile la Jumatano nakuomba msamaha. Jina lako halikustahili sauti ile. Na kwake pia nimeomba. Nilipiga magoti mlangoni nikamwambia, Mwaitu, nisamehe. Akaniambia ningoje amalize kufunga kiatu kwanza, ndipo anijibu.

Ni mimi binti yako,
Mueni.