Mama Chebet, Hawajamuuliza Aliyeanguka

Mama Chebet wangu,

Wamerudi. Jumanne asubuhi nilikuwa natoka kupeleka maziwa barabarani nikamkuta msichana amesimama mbele ya chumba chetu, mkoba begani, nembo ya ile kampuni ya gemu imeshonwa kwenye mfuko wa shati. Akanisalimu kwa adabu, akauliza kama hapa ndipo palikuwa na nyumba ya gemu. Nikamwambia ndipo. Akatabasamu. "Baba, tunakusanya maoni ya wachezaji."

Maoni! Nilisikia damu ikinipanda kichwani, mkebe wa maziwa ukagonga mlango wenyewe tu. Nimekaa na hasira hiyo mpaka leo. Chebet ananiambia, "Baba, tulia, utapata presha." Siwezi kutulia. Hasira hii wewe ndiye uliyeizaa, na hapa Chepseon hakuna mwingine anayeijua ilikotoka. Kwa hiyo nakuandikia. Barua yenyewe siifungi, aisome yeyote anayetaka, hata wao.

Unakumbuka tulivyoanza? Kule ofisi ya majani ya chai walikuwa wameleta simu zisizohitaji mtu wa swichibodi, wakakuaga kwa chai na keki. Ulirudi nyumbani ukakaa siku nyingi ukijibu "Haloo, nikuunganishe na nani?" kila Chebet alipokuita, na sisi tukicheka huku nikijua wewe hucheki. Ndipo wakala wa kampuni akapita sokoni akitafuta vyumba vyenye stima. Wao walete televisheni, mashine na kaseti za gemu, sisi tutoe chumba. Mimi nilisema hiyo ni michezo ya watoto. Wewe ulivuta stuli ukakaa mbele ya kioo. "Lete hiyo kemu nione."

Hiyo "kemu" yako, Mama Chebet! Ulimi wa Kipsigis haukukutoka hata ulipokuwa ukiongea na mabwana wakubwa kwenye simu, na sikutaka ukutoke. Ulikuwa ukicheza umeuma mdomo wa chini, mwili wote unainama gari linapopinda, kana kwamba usipoinama litaanguka kweli. Akina mama wa kanisa walipokuja kukuonya kwamba mama mzima hakai na vijana kubonyeza vitufe, uliwakaribisha mursik, maziwa yetu ya kibuyu, ukawasikiliza mpaka mwisho, kisha ukampa kiongozi wao pedi ya kuchezea mkononi. Alitoka jioni.

Na Odhiambo. Baba yake alitoka kule ziwani kuja kuchuma majani, yeye akazaliwa huku kwenye nyumba za estate, akawa fundi wa mashine kiwandani. Alikuja kila Jumapili baada ya ibada, tai bado shingoni. Nyinyi wawili mlipokaa kwenye stuli zile, watu walijaa mpaka dirishani.

"Mama Chebet, leo nakumaliza."

"Jaribu, mtu wa samaki. Nitakutuma ukavue."

"Na mimi nitakutuma ukachume majani na kikapu kimetoboka!"

Nilikuwa nawasikia nikiwa kule nyuma kwa ng'ombe, na nilifurahi, kwa sababu ulikuwa unacheka kama zamani.

Kisha wakaleta ile gemu ya ndege na radi. Kila ndege ilipolipuka kioo kizima kiliwaka cheupe na chekundu, cheupe na chekundu, haraka haraka, ukuta wa nyuma nao ukawaka. Vijana waliipenda. Jumapili ile Odhiambo alikuwa anashinda. Nilikuwa mlangoni nikaona pedi inamtoka mkononi, nikadhani anasherehekea. Akaanguka kutoka kwenye stuli, mwili ukakaza kama gogo, kisha akaanza kutetemeka, povu mdomoni. Watu wakakimbia. Mtu akapiga kelele kwamba ni mapepo. Mimi nilileta kijiko nimtie kati ya meno, na wewe ukanifokea.

"Toa hiyo kijiko! Zima hiyo televisheni!"

Ulimlaza ubavu, ukamlegeza tai, ukamwekea leso yako chini ya kichwa, ukakaa naye sakafuni ukimwambia, "Niko hapa, Odhiambo, niko hapa," mpaka akafumbua macho na kuuliza nani ameshinda.

Hospitalini daktari aliuliza alikuwa akifanya nini. Ukamweleza. Akasema wapo watu ambao mwanga wa kuwaka na kuzima huwaletea hali hiyo, na wengi hawajijui mpaka siku ile. Akamkataza kukaa mbele ya kitu kama kile tena. Hayo tu. Maneno machache ambayo mtu angeweza kuyaandika juu ya kaseti, Odhiambo akayasoma, akacheza ile ya magari.

Habari zilifika kiwandani kabla yake. Wakamtoa kwenye mashine, wakampa ufagio. Siwalaumu sana kwa kuogopa ile mikanda ya mashine, ingawa yeye alilia. Lakini watu wa binti ambaye Odhiambo alitaka kumuoa nao walisikia, wakatuma ujumbe kwamba mazungumzo yasimame kwanza. Yakasimama. Mpaka leo yamesimama.

Huyo ndiye mtu tuliyekuwa naye mioyoni siku kijana mmoja wa kampuni alipokuja na fomu zake.

Ulimpokea vizuri, mimi ni shahidi. Ulipanguza kiti. Ulisema, "Afadhali mmekuja, tuko na neno." Akakuuliza, "Mama, ni mtoto wako anacheza?" Ukamwambia ni wewe unayecheza. Akatazama karatasi yake, akasema fomu ni ya wavulana, wa shule ya msingi mpaka sekondari. Mama Chebet, wewe ambaye hakuna mvulana kati ya hapa na Kericho mjini aliyewahi kukushinda ile ya magari!

Fomu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, anaitafsiri akienda. Aliwauliza vijana: je, gemu ni nzuri mno, nzuri sana, au nzuri? Mimi nilidhani nimesikia vibaya. Ukamuuliza, "Na kama ni mbaya?"

"Hiyo haiko."

"Weka."

"Mama, mimi siwezi kuweka. Imetoka hivyo ofisini."

Akaendelea. Ni kitu gani umekipenda zaidi? Ungependa milipuko mingi zaidi au rangi nyingi zaidi? Na kila kijana aliyemaliza alipewa kofia ya kampuni hapo hapo. Nani angesema neno baya huku amenyoosha mkono apokee kofia? Kijana wa jirani aliyekuwa akilalamika kwetu kwamba kichwa kinamgonga kila akicheza ile ya radi, nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Nzuri mno." Akavaa kofia akaenda.

Hapo ndipo ulipomshika yule kijana mkono wa shati. Ulimweleza habari za Odhiambo zote, polepole, kama ulivyokuwa ukimweleza mtu kwenye simu yenye kelele. Ukamwambia, "Njoo nikupeleke kwake, si mbali. Umuulize yeye."

Akasema, "Huyo bado anacheza kemu?" Alilitamka kwa kukuiga, na vijana wenye kofia wakacheka.

"Alikatazwa."

"Basi haingii. Tunauliza wachezaji tu."

Nilikuwa nimekaa kwenye debe pale pembeni. Ulimwachia mkono wa shati. Uliyasema maneno yako baadaye sana, ukipima unga: "Wanauliza waliobaki, Baba Chebet. Aliyeumia ameshatoka. Sasa watamsikia lini?"

Nimelizungusha swali hilo kichwani miaka yote hii. Watu wenye elimu walikaa mezani, wakapanga maswali, wakapanga na majibu, wakafunga mlango wa kila jibu ambalo lingewasumbua, halafu wakatoka kutafuta ukweli! Ukimuuliza mgeni, "Chakula changu ni kitamu mno au ni kitamu sana?" hujamuuliza kitu. Umemwambia akusifu. Na ukiwauliza walioshiba tu, huku aliyetapika yuko nyuma ya nyumba, utalala usingizi mzuri ukijua wewe ni mpishi hodari.

Bango lilipokuja tukalisoma pamoja. "Vijana wa Bonde la Ufa wamesema: tunataka zaidi!" Na pamoja na bango, kaseti mpya, radi zake kali kuliko za kwanza. Ulivaa koti lako la ofisi, lile la kijivu, ukaenda Nairobi kwenye ofisi kuu ya kampuni.

Uliponisimulia ulikuwa mtulivu, na mimi ndiye niliyekuwa navunja kuni bila sababu. Ulisema bibi wa ofisi ya utafiti alikupa chai. Alikuonyesha mafaili, akakwambia kwa upole, "Tumeuliza wateja kila mahali, mama. Hakuna hata mmoja aliyetaja ugonjwa."

"Mliwauliza kuhusu ugonjwa?"

"Hapana, hatutaki kuwatia watu wazo hilo."

"Basi hamwezi kusema hakuna. Semeni hamjui."

Akafunga faili. Akakushukuru kwa maoni yako. Ukamwuliza atayaandika wapi, na akakufungulia mlango, Mama Chebet, kwa sababu hakukuwa na mahali.

Uliporudi ulitoa kaseti zote mbili za radi ukazirudisha kwenye boksi. Ukabandika karatasi ukutani, Kiswahili na Kipsigis: "Ukiumwa kichwa au macho yakicheza, simama utuambie. Hatutakucheka." Ndipo watu wakaanza kusema. Kijana wa kofia akasema. Mwalimu mmoja akasema huona kizunguzungu. Mama mmoja akasema mwanawe hushtuka usingizini tangu aanze kucheza ile ya radi. Hukuwapa kofia wala peremende. Uliwauliza tu, "Unasikiaje?" kisha ukanyamaza wapate nafasi ya kujibu.

Kampuni iliposikia tumeondoa gemu yao mpya, gari likaja. Wakabeba televisheni, mashine, pedi, mpaka stuli ambazo zilikuwa zetu, na ikabidi nizifuate barabarani. Chumba kikabaki na karatasi yako ukutani. Ulifagia. Ukasema, "Tutaweka viazi." Na tukaweka viazi.

Sikusikia ukijuta hata mara moja. Hata ulipougua, mwaka ule wa mvua nyingi, ulikuwa ukimuuliza Odhiambo kama dawa zake zimefika kabla ya kuulizia zako. Ndiye aliyesimama kushoto kwangu siku tulipokuzika kule kwetu Mogogosiek, akashika kiwiko changu, na mimi niliyekuwa nikimwogopea yeye ndiye niliyekaribia kuanguka.

Sasa turudi kwa huyu msichana wa Jumanne. Nilimwambia anisomee fomu yake yote kabla sijajibu neno. Akasoma. Safari hii wamechora nyuso. Uso unaocheka meno nje, uso unaocheka, uso unaotabasamu. Nikamuuliza, "Uso wa mtu aliyeanguka uko wapi?"

"Baba, sielewi."

"Najua. Si kosa lako. Twende."

Akasita, lakini akaja. Odhiambo alikuwa anapalilia mahindi katika kile kishamba anachokodi. Akajifuta mikono, akamletea msichana kiti, yeye akabaki amesimama. Nikamwambia ametumwa na kampuni ya gemu. Akachomeka jembe ardhini. Kisha akasema, "Karibu. Nimewangoja."

Akamweleza. Siku ile. Ufagio. Yule binti, ambaye ameolewa Chebunyo na ana watoto. Kwamba hawezi kuteka maji mtoni peke yake, wala kuwasha moto asipokuwepo mtu, kwa sababu hali ile ilimrudia hata bila gemu, na hajui siku. Msichana aliacha kuandika kwenye nyuso. Akageuza karatasi, akaandika nyuma palipokuwa patupu, akajaza, akachukua nyingine. Nikamwambia, "Msomee uliyoandika." Akasoma kwa sauti ndogo. Odhiambo akasikiliza kama mtu anayesikiliza jina lake kortini, akasema, "Ndiyo. Mimi ndiye huyo."

Msichana akalia kidogo. Nikamuuliza nani ataisoma nyuma ya karatasi huko ofisini. Akasema ukweli, na kwa hilo ninamheshimu: "Hakuna, Baba. Kuna mashine inasoma upande wa mbele tu."

Mama Chebet, sikukasirika siku zile nilipokuwa napasua kuni. Nilikuwa najifunza kukasirika tu. Leo ndiyo nimekasirika. Wana mashine ya kusoma vicheko! Wana pesa za rangi na mabango na magari ya kubeba stuli za watu, lakini mstari mmoja mtupu wa mtu kuandika kilichompata umewashinda.

Nikamgeukia Odhiambo. Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Tunaenda lini?"

Tunaenda Nairobi Jumatatu. Tumeshamwambia daktari, na dawa ziko mfukoni. Chebet atakamua. Yule bibi wa utafiti, kama bado yuko, atatupa chai, nasi tutainywa. Kisha atafungua mafaili aseme hakuna hata mmoja aliyetaja ugonjwa, na Odhiambo atakuwa amekaa mbele yake, tai shingoni, akingoja kuulizwa. Hatuondoki mpaka aulizwe.

Lala salama, mama wa binti yangu. Kongoi, asante, kwa yote uliyonifundisha kwa kunifokea.

Mumeo,
Baba Chebet