Ukurasa Mtupu Usioguswa

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika hapa Ibra, marahaba. Mama yako hajambo.

Unauliza kwa nini kompyuta huizima programu yako ghafla. Nilipokuwa kijana wa kazi kule Nizwa, niliona mfumo wa kompyuta yetu umeacha ukurasa mtupu, yaani kipande cha kumbukumbu kisichoandikwa kitu, mwisho wa nafasi ambamo programu hurundika kazi zake. Kwetu kutupa hata punje ya wali ni israfu, basi nikaipa programu iutumie. Rundo likafurika kimya kimya, likaharibu majina ya wanafunzi yaliyohifadhiwa jirani.

Nikayaandika upya majina, nikaurudisha ukurasa, ambao mfumo huizima programu yoyote inayougusa. Programu ikafurika tena, ikaugusa, ikazimwa papo hapo. Majina yote salama. Subhanallah, kitu kitupu kimelinda kila kitu.

Mpaka leo sahani yangu siijazi hadi ukingoni.

Bibi yako