Bourbon ya Thierry

Jumapili, jioni. Mvua imekatika sasa hivi. Milima ya Congo imetokea tena ng'ambo ya ziwa, na mimi bado nina ladha ya ubao mbichi kwenye ulimi.

Leo mdogo wangu Inès amemleta mchumba wake kwa wazazi wetu, hapa mtaani Bwiza. Anaitwa Thierry, fundi wa mafriji, mtu wa Uvira, kule Congo. Kwa miezi mingi baba alikuwa anakataa kumpokea. "Ule mutu anatoka wapi? Nani anajua kwao?" Kila Inès alipofungua mdomo, jibu lilikuwa hilo hilo. Mwishowe mama akamnunia baba, akawa anampakulia chakula bila kusema neno. Baba hawezi kula kimya kimya. Akakubali.

Thierry alikuja na chupa ya bourbon. Inès alikuwa amemwambia kwamba zamani, baba alipokuwa anafanya kazi bandarini, mteja mmoja alimpa wiski hiyo ya mahindi ya Wamarekani, na hadi leo akiikumbuka hufumba macho.

Mbele ya chupa kulikuwa na picha ya farasi na neno BOURBON, kubwa kama la kwenye bango. Nikaigeuza. Hakuna nchi ilikotoka, hakuna umri wa pombe. Rangi yake ilikuwa ya chai iliyoongezwa maji mara mbili.

Baba akamimina, akatugawia. Tukaonja.

Mungu wangu.

Kwanza ilichoma. Halafu ikaja harufu ya vernis, ile rangi ya kung'arisha mbao, kama kiti kilichotoka kwa seremala asubuhi hii, na nyuma yake mahindi yaliyoungua. Ile pombe ilikuwa bado mtoto. Mtu ameitoa kwenye pipa kabla haijajifunza chochote.

Nami nikasema, "Ah, ni tamu."

Naam, nilidanganya. Mama akasema inapasha kifua joto. Inès alikuwa anaangalia sakafu. Baba alikuwa ameshika ya kwake, uso hausomeki, na nilijua anatafuta neno la heshima la kumfukuzia mgeni.

Thierry ndiye aliyeonja wa mwisho. Akameza kwa shida, akaweka glasi chini.

"Baba, munisamehe. Hii kitu ni mubaya."



"Inatoka wapi?" baba akauliza.

"Chupa, sijui kwenye inatoka. Niliinunua Gatumba, pale mpakani, wakaniambia ni ya Amerika. Lakini mi, baba, natoka Uvira. Baba yangu anashona viatu pale karibu na soko. Mukienda mukiuliza, hata mutoto atawaonyesha nyumba."

Baba akamtazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaelewa kwamba anacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu tumzike kaka yake. Alicheka hadi akapangusa machozi kwa mkono wa shati.

"Mimi nilikuwa naogopa kusema," akamwambia, akitunyooshea kidole mama na mimi. "Na hawa wanawake wote wawili, waongo!"

Mama akanicheka mimi na yeye mwenyewe, akaenda kuleta bia ya Primus baridi na mikeke ya kukaanga, wale samaki wa ziwani. Wanaume wakaanza kuzungumza habari za Uvira, za mafuriko, za friji letu linalolia kama mgonjwa. Thierry alilisogeza palepale, akalala sakafuni na suruali yake ya Jumapili kuangalia mashine yake. Inès alikuwa analia jikoni, na mimi nikamshika tu mgongo.

Thierry alipoaga, baba akachukua mwavuli. Tangu goti lianze kumsumbua, wageni wote huwaaga akiwa kwenye kiti. Leo alimsindikiza Thierry hadi barabara kubwa, polepole, wakibishana kuhusu mapipa ya wiski.

Nilisimama mlangoni nikiwaangalia, nikaona haya. Mchana kutwa nilikuwa namwita yule kijana "monsieur", yaani bwana, kama mtu baki.

Kesho nitampigia simu mapema, na neno la kwanza litakuwa shemeji.