Jiwe Aliloliulizia Mama

Mjukuu wangu Neema,

Amahoro, amani iwe kwako. Huku Kasulu hatujambo. Maharage yamekubali, na babu yako bado anagombana na goti lake. Umeniuliza mtu afanye nini na neno asiloweza kumwambia yeyote.

Tulipovuka kutoka Burundi tukikimbia mauaji, miaka ya sabini, mama yangu aliacha kusema. Mwaka mzima hata jina langu hakuliita. Siku moja tulikwenda kununua chumvi dukani kwa Bi Zaituni, ambaye bibi yake alitoka Uajemi. Tulimkuta akiwahadithia wateja, akianza kama bibi yake alivyoanza hadithi zake: "Palikuwa na mmoja, hapakuwa na mmoja." Msichana wa hadithi alilieleza jiwe mateso yake yote. Jiwe likasikiliza, likavimba, mwisho likapasuka badala ya msichana.

Nikasikia sauti nyuma yangu, kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Jiwe hilo mnaliuza?"

Alikuwa Mama! Chumvi ilinidondoka, ikamwagika yote, wala sikuinama. Wateja waliangua kicheko wakidhani anatania.

Bi Zaituni hakucheka. Aliwatoa wateja wote nje, akaniacha mimi, akafunga mlango, akaketi kwenye gunia mbele ya Mama.

"Lipo, dada yangu," akasema. "Anza."

Mama akaanza. Aliyoyasema sitayaandika.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na nimeona mahali ulipoandika ukafuta. Andika tena, mjukuu wangu. Jiwe lipo. Anza.

Bibi yako